Siku Niliyotambaa Mkomani

Jamani, kuna aibu za kumwambia mke chumbani, na kuna aibu ambazo mke anazisikia sokoni kabla wewe hujafika nyumbani. Hii yangu ni ya aina ya pili, maana mpaka leo ukienda Lamu, mtaa wa Mkomani, ukataja "yule koplo wa bara", wazee waliobaki watatazama chini kwa adabu, kisha watacheka mpaka washike mbavu. Wacha wacheke, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini siku yenyewe niliomba ardhi ipasuke inimeze, nayo ikakataa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa koplo wa polisi, Mkamba wa Kangundo, mrefu, mnene kidogo (mke wangu ndiye aliyesema kidogo, mizani ilisema vingine), masharubu yamechongwa, soksi zimevutwa hadi magotini, mtu wa kuheshimika hasa. Nilipohamishiwa Lamu mke alibaki na shamba na watoto wadogo, nami nikaja na binti yetu mkubwa, Mwende, ambaye alikuwa ndio anaingia ujana, ili aendelee na shule. Tukapanga chumba cha juu kwa Bi Rukia, mjane wa hapo Mkomani, mkandaji mashuhuri. Wazazi waliotoka kujifungua, wavuvi walioteguka, wazee wa kiuno, wote walipanda ngazi zake wanalia na kushuka wanamwombea dua.

Sasa, Kiswahili cha Lamu kilinipiga chenga tangu siku ya kwanza. Mimi nilidhani nakijua Kiswahili, nimekisoma, nimeandikia ripoti, kumbe! Asubuhi yangu ya kwanza Bi Rukia aliniita kutoka chini, "Koplo! Ndoo!" Nikachukua ndoo nikashuka nayo mbio. Akanitazama, akaitazama ndoo, akasema, "Yanini?" Nikamwambia si umesema ndoo? Yule mama alicheka mpaka akakaa kitako kwenye ngazi. Kwao ndoo ni njoo, na njia ni ndia, na nchi ni nti, na mgeni shauri yake. Ikawa utani wetu wa kila siku, akiniita tu nauliza, "Nije mtupu au nije na maji?" Likumbukeni hilo neno ndoo, maana ndilo litakaloniua huko mbele.

Basi siku moja Bi Rukia alinivuta pembeni, uso wake hauna mzaha hata chembe. "Koplo, hebu mtazame mwanao. Leso yake yenda upande." Nikamjibu kwamba nitamwambia aifunge vizuri. Akanishika mkono. "Si leso. Ni mongo." Mongo ndio mgongo. Akamwita Mwende, akamwambia ainame kama anayeokota kitu, na mimi nikasimama nyuma yake, na hapo ndipo nikaona, juu ya ile blauzi nyepesi, upande mmoja wa mgongo wa mwanangu umeinuka na upande wa pili umebonyea, na uti wenyewe umekwenda pembeni kama mto uliokutana na jiwe. Nilikuwa nakaa na huyu mtoto chumba kimoja. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuona. Mwende akageuka akauliza, "Baba, kuna nini?" nikamwambia avae viatu, tunakwenda hospitali.

Hospitalini tukaambiwa kuna sista mmoja hupita kutoka Mombasa kila baada ya muda, daktari wa viungo. (Bi Rukia aliposikia daktari wa viungo akauliza kama aje na iliki au mdalasini, na sijui mpaka leo kama alikuwa anatania.) Yule sista alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, lakini mikono yake haikuwa na haraka. Alichukua kalamu ya wino akaweka nukta juu ya kila pingili ya uti wa mgongo wa Mwende, moja baada ya nyingine, kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha akaniita nije nione. Nukta zilikuwa zimeandika herufi S. Ndugu zangu, nimeona mengi katika upolisi, lakini ile herufi juu ya mgongo wa mtoto ilinitisha na kunishangaza kwa pamoja, maana ilikuwa imejiandika humo ndani taratibu, pole pole, huku sisi tunakula, tunalala, tunacheka.

Sista akasema hakuna aliyeyafanya haya. Si uchawi, si kubeba maji, si kukaa vibaya darasani. Huanza tu kwa watoto wengine, hasa wasichana, wakati wanapokua haraka, na kadiri wanavyorefuka ndivyo mpindo unavyoweza kuongezeka. Tufanye mazoezi kila siku bila kukosa. Atakaporudi atapima, na ikiwa mpindo umeendelea, basi Mwende atapelekwa Nairobi, atiwe plasta kutoka shingoni mpaka nyongani, miezi mingi, kama ukuta. Mwende hakulia. Alivaa blauzi yake pole pole akafunga vifungo vyote mpaka cha kooni.

Mazoezi yenyewe yalikuwa namna tatu, na Sista alikuja nyumbani kutufundisha kabla hajarudi Mombasa. Kwanza, Bi Rukia alikanda ule upande uliokaza kwa mafuta ya nazi ya moto moto, na Sista alimwonyesha wapi asibonyeze, naye Bi Rukia akamwonyesha Sista namna ya kuanza mbali na maumivu na kuyakaribia kwa heshima, wakaelewana wale wawili kama waliolelewa nyumba moja. Pili, kupumua. Na hapa nisimame kidogo, maana hili sitalisahau. Mwende alilala ubavu, Sista akachukua kiganja changu hiki kikubwa akakilaza juu ya ule upande uliobonyea, akamwambia Mwende, "Vuta pumzi, uilete hapa alipo baba." Mwende akavuta, hakuna kitu. Akavuta tena. Mara nikahisi mbavu zinainuka chini ya kiganja changu, taratibu, zinafunguka kama mtu anayesukuma dirisha lililofungwa miaka. Sikujua mtu anaweza kuituma pumzi yake mahali anapotaka! Nilivua kofia. Bi Rukia akasema, "Subhanallah," na mimi Mkristo wa Kangundo nikasema amina.

La tatu ndilo lililotuletea balaa. La tatu lilikuwa kutambaa. Mkono mmoja unanyoshwa mbele sana, goti la upande wa pili linafuata, mwili unarefuka, kisha unabadilisha, pole pole, sakafuni, kwa mwendo mrefu ulionyooka. Sista alisema mtu akitambaa hivyo uzito unatoka mgongoni na misuli inajifunza upya. Vizuri sana, lakini chumba chetu kilikuwa kifupi, ukianza tu kutambaa umeshagonga kitanda, na chini kwa Bi Rukia wateja wanaingia na kutoka. Na siku moja msichana wa jirani akachungulia mlangoni akamwona Mwende sakafuni, na kufikia jioni watoto wa mtaa mzima walikuwa wanamwimbia kwamba Mwende amerudi kuwa mtoto mchanga.

Mwende akagoma. Kimya kimya, kama mama yake, mgomo usio na kelele ndio mbaya zaidi. Nilimsihi, nikamkaripia, nikamnunulia halua. "Baba," akaniambia, "mtu mzima hatambai. Heri plasta." Na Sista alikuwa karibu kurudi. Nilimtazama mwanangu amekaa dirishani, amejikunyata ndani ya leso ili asionekane, nikaona kwamba si mgongo peke yake unaopinda. Nikasema bila kufikiri, "Nitatambaa na wewe."

Akageuka. "Baba? Na hiyo sare?"

"Na hii sare."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo sana, wa busara kabisa kwa maoni yangu wakati huo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichochoro kirefu, kimenyooka, kuta ndefu pande zote, ambacho wanaume wa mtaa walikipita kwenda msikitini na kurudi. Nikapiga hesabu: alasiri wote wanaingia kuswali, kichochoro kinabaki kitupu, sisi tunatambaa kwa raha zetu, wakimaliza tumeshapanda juu tunakunywa chai. Na ibada inachukua muda gani? Mimi kanisa langu la Kangundo, mhubiri akishika Biblia asubuhi, mnatoka jua limegeuka na watoto wamezimia kwa njaa. Nikajiambia tuna muda wa kutambaa mpaka kisiwa cha Kiwayu. (Mnacheka. Nyinyi mnajua swala ya alasiri ina rakaa nne tu. Mimi nani angeniambia?)

Tukashuka. Wa mwisho akaingia msikitini, kichochoro kikatulia. Nikapiga magoti. Mwende akanitazama kwa muda, akafunga leso kiunoni, akapiga magoti kando yangu. Tukaanza. Jamani, kutambaa si kazi ya watoto! Hatua chache tu mgongo wangu unalia, goti limekutana na jiwe, mkono wa kushoto umeingia kwenye mavi ya punda mpaka kifundoni, kofia imeshuka machoni, nami nahema kama ng'ombe anayepandishwa mlima. Na Mwende mbele yangu akageuka akaniona. Akaanza kucheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu ile siku ya nukta, na mimi, mjinga mimi, nikazidisha vituko ili acheke zaidi, nikanguruma kama simba, na kwa sababu ya kunguruma sikusikia viatu.

"Koplo."

Mbele ya pua yangu palikuwa na miguu miwili iliyooshwa vizuri, na juu yake kanzu nyeupe pe, na juu ya kanzu Bwana Shee. Bwana Shee alikuwa mshona kofia, jirani yetu, mkali, mwenye neno na kila mtu, ambaye tangu nihamie alikuwa akininusa kwa mbali kuona kama mtu wa bara analeta pombe mtaani kwao. Nyuma yake waumini wote wa alasiri. Na mimi polisi, chini, nanguruma.

"Koplo, watafutani hapo tini?" akauliza, na nikaona pua yake inafanya kazi.

Ningesema ukweli. Lakini Mwende alikuwa amejibana ukutani, leso imepanda mpaka kichwani, macho yananisihi nisiseme, mbele ya wanaume wote hawa, nisiseme. Basi nikasema neno la kwanza lililokuja. "Pete. Nimeangusha pete yangu ya ndoa."

Uso wa Bwana Shee ukabadilika. Kumbe yule mzee alikuwa na huruma, tena nyingi. "Pete ya ndoa! Masikini!" Akakunja kanzu yake, akapiga magoti (magoti yake mabovu hayo, kila jioni Bi Rukia anayakanda), akaanza kupapasa mchanga. "Mwatazamani?" akawakemea wenzake. "Mkewe yuko mbali, mwataka aende kwake mikono mitupu?" Wakashuka wote. Wenye kanzu, wenye vikoi, mzee mwenye mkongojo, kichochoro kizima kikawa kinatambaa, wanapapasa, wanapuliza vumbi, wanainua mavi ya punda kwa vijiti. Nilitamani kulia. Nikawa nasema hapana wazee wangu, msijisumbue, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyoona nina uchungu, wakazidi kutafuta.

Bi Rukia akafungua dirisha. Akaona wanaume wa Mkomani wote wako chini kwa mikono na magoti. Akawageukia wateja wake waliokuwa ndani, akapaza sauti ambayo hata kisiwani Pate wangeisikia, "Ndooni! Ndooni! Ndooni muone!"

Sasa kituo chetu kilikuwa hapo tu, pua na mdomo, na zamuni walikuwapo Konstebo Otieno na Konstebo Barasa, wote wawili wageni wa juzi kutoka bara. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimewafundisha asubuhi ile mambo ya moto, kwamba mji huu una paa za makuti, na kwamba kwenye moshi mtu hasimami, hushuka chini akatambaa. Wakasikia mwanamke anapiga kelele ndoo, ndoo. Wakachungulia kichochoroni wakaona watu wote wanatambaa. Sasa mngekuwa nyinyi mngefikiri nini?

Walikuja na zile ndoo nyekundu za moto, mbili za maji na mbili za mchanga, mbio, wakipiga filimbi. Nikainua mkono kuwasimamisha, nao wakadhani nawaonyesha moto ulipo. Maji ya kwanza yalimpata Bwana Shee sawasawa kichwani. Ya pili yalinipata mimi. Mchanga ukafuata, wa Barasa, kijana mwenye nguvu, ukamwangukia kila mtu bila ubaguzi.

Ndoo zikaisha. Unasikia maji yanadondoka tu kutoka kwenye kanzu. Na yale maji, wakati yananiosha, yaliosha pia mkono wangu wa kushoto, ule uliokuwa umejaa mavi ya punda, na jua la alasiri likaingia kichochoroni likapiga kidole changu, na pete ikang'aa hapo ilipokuwa tangu siku ya harusi yangu.

Bwana Shee aliitazama. Akapangusa macho, akaitazama tena. "Koplo," akasema taratibu sana, "na hiyo ni nini?"

Nilijua la kufuata: polisi amewafanya watu wazima mchezo, tena waliotoka kuswali, kesho niko kwa mkubwa wangu, keshokutwa niko kwenye boti na sanduku langu, na mgongo wa mwanangu nani atautunza? Na hapo hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hakuna pete. Ni mimi."

Mwende alikuwa amesimama. Leso imeanguka mabegani, na hakuiokota. "Uti wangu wa mgongo umepinda," akasema, sauti inatetemeka lakini haisimami. "Nimeambiwa nitambae kila siku, la sivyo nitatiwa plasta. Nilikuwa naona haya. Baba alikuwa ananifuata ili nisitambae peke yangu." Kisha akageuka, mbele yao wote, akainama kama alivyoinama siku ile kwa Bi Rukia, ili waone. Mtoto ambaye alikuwa anafunga kifungo cha kooni! Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, maji yananitiririka puani, na nakwambieni sijawahi kumwona askari yeyote, kwenye gwaride lolote, aliyesimama wima kuliko yule msichana aliyeinama.

Hakuna aliyecheka. Bwana Shee alivua kofia yake, akaikamua. "Kila siku?" akamuuliza.

"Kila siku."

"Na ni hapa?"

"Ndipo parefu."

Akaguna. Akaivaa kofia ikiwa mbichi vile vile, akaondoka bila kuaga, na wote wakamfuata. Usiku ule mimi nilikunja nguo zangu sandukuni. Mtaa ukaanza kucheka kesho yake asubuhi, na sokoni nikapewa jina la Bwana Pete, na Otieno na Barasa hawakuweza kunipigia saluti bila kuuma midomo. Nilimwambia Mwende tutafute mahali pengine. Yeye ndiye aliyenishika mkono alasiri ilipofika. "Twende, Baba."

Kichochoro kilikuwa kimefagiwa. Hakuna vijiwe, hakuna hata chembe ya mavi ya punda, na mtu alikuwa ametandika mkeka mrefu uliochakaa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tukapiga magoti. Safari hii nilijua swala ni fupi, nikawa nimetega sikio, na kweli baada ya kitambo nikasikia watu wanatoka, viatu vinakuja, vinakaribia pembeni, nikafumba macho. Viatu vikapinda. Vikaenda upande mwingine. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na wiki iliyofuata, hakuna hata mtu mmoja aliyekanyaga kichochoro kile wakati wa alasiri.

Nikamuuliza Bi Rukia hawa watu sasa wanapita wapi. "Kwa ndia ya pwani," akasema, anachemsha mafuta yake. Ndia ya pwani! Kule ni kuzunguka mtaa mzima, juani, na Bwana Shee na magoti yale. Nikamuuliza nani amewaambia. "Bwana Shee alisimama msikitini akasema ndia hini ina mwenyewe. Basi." Akaendelea kukoroga, kama kwamba amenieleza bei ya samaki. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi muda mrefu, nikiutafakari mji mzima unaozunguka juani kwa ajili ya mtoto wa mgeni, wala hakuna hata mmoja aliyekuja kunitajia ili nimshukuru.

Sista aliporudi aliweka nukta zake upya. Alipima, akapima tena, Mwende ameshika pumzi na mimi nimeshika kofia. Akasema haujanyooka, na pengine hautanyooka wote, asitudanganye. Lakini haujaendelea, mabega yanakaribia kulingana, na upande ule uliobonyea unapumua. Plasta tuiweke kando. Tuendelee mpaka amalize kukua. Tuliendelea mpaka nikahamishwa, mimi nyuma, yeye mbele, na mwishoni nilikuwa simfikii tena.

Siku hizi magoti yangu ndiyo yanayohitaji kukandwa. Nimeapa mambo mawili: sitapima tena ibada ya mtu kwa saa ya kanisa langu, na sitasema uongo nikiwa nimevaa ushahidi kidoleni. Na kama kuna siku mtanikuta tena nimepiga magoti njiani, nimejaa vumbi, mkaniuliza natafuta nini, nitawajibu vile nilivyopaswa kumjibu Bwana Shee: sitafuti kitu, namsindikiza mwanangu.